Ini la Samaki Mgeni

Jeneza la Muhonja liliposhushwa mbele ya nyumba ya babake, Mzee Osundwa, kule Navakholo, wanawake walipiga mayowe. Ayuma, aliyerudi nalo kutoka Lebanoni, hakupewa hata kiti.

“Mchawi huyo!” shangazi wa marehemu alifoka. “Wamekula chungu kimoja, mmoja amekufa, mwingine amenenepa!”

Ayuma alitaka jambo moja tu: kumtupia rafiki yake udongo kaburini. Akapiga magoti mbele ya mzee, akasimulia.

Walikuwa wafanyakazi wa nyumbani katika mji wa pwani kule Lebanoni. Jumapili moja walimwona mvuvi akitupa samaki mnene mwenye madoadoa, huku akilaani kwa lugha yake. Kwetu nani hutupa samaki? Wakamwokota. Ayuma akampika, akamwekea Muhonja ini lote.

“Huku hakuna wanaume,” alimtania. “Firigisi ya mwenye boma ni yako, dada mkubwa. Samaki hana firigisi, basi shika ini.”

“Na wewe uwe bibi yangu, uoshe sufuria!” Muhonja akacheka.

Sufuria haijakauka, midomo ya Muhonja ikafa ganzi. Kisha miguu. Kisha pumzi. Ayuma, aliyeonja mkia tu, alitapika akapona.

“Samaki gani huyo?” mzee aliuliza.

“Daktari alisema si wa bahari ile, baba. Alitoka Bahari ya Shamu, akapitia mfereji wa Suezi, ule uliochimbwa ili meli zikate njia. Ini lake ni sumu.”

Walipasua nchi ili shehena ifike upesi. Bahari mbili zikaachwa wazi kama boma lisilo na lango, na wenye meli wakavuna. Sumu iliogelea nyuma yao, ikamkuta binti wa mkata miwa ambaye hakuwahi kupanda hata moja ya meli hizo. Nani kati yao atakuja matangani?

Chakula kililetwa kabla ya maziko. Juu ya ugali wa mzee paliwekwa firigisi. Aliitazama sana, kisha akaisukuma hadi kwa Ayuma.

“Mwanamke ale firigisi?” shangazi aliguna.

“Alimheshimu mwanangu, ila hakujua,” mzee alisema. “Kula, mama, kisha twende tukamzike.”

Ayuma aliitafuna. Ilikuwa changarawe mdomoni, lakini aliimeza, ukoo mzima ukimtazama koo.