Duka feki la mtandaoni lilichukua kadi yangu, sura yangu na hadi njia ya kufika kwangu

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Songea na sitaongeza chumvi. Hata sasa ninapoandika, geti likigongwa nashtuka.

Mnifahamu kwanza.

Nimekaa Afrika Kusini miaka kumi na moja. Nilianza kwa kupakia mizigo ghalani, nikajisomesha mpaka diploma ya ugavi. Sikubebwa na mjomba wala shangazi. Nimerudi, nimejenga Ruhuwiko, na hili soko huria nalielewa kuliko wengi wanaolipigia kelele.

Sasa nikaona duka la online linauza zana za kilimo. Nikachagua mashine ya kupukuchua mahindi. Bei nzuri, picha safi.

Nikajaza fomu: jina kamili, namba ya simu, barua pepe, namba ya kadi ya benki na zile tarakimu tatu za nyuma.

Kwenye anwani, mnajua mitaa yetu. Nikaandika kama ninavyomwelekeza bodaboda: "Songea, Ruhuwiko, ukipita kanisa, nyumba ya bati la bluu, geti jeusi, uliza kwa Bosi wa Sauzi."

Nilisikia raha kuandika hivyo.

Wakasema malipo hayajapita, niwatajie OTP, ile namba ya siri ya benki iliyoingia kwenye simu. Nikataja. Ikaja nyingine, nikataja tena. Mtu mwenye diploma ya ugavi!

Halafu wakaomba picha nikiwa nimeshika kitambulisho mbele ya nyumba, eti forodha waachie mzigo. Nikavaa suti kabisa.

Jioni ile akaunti ilikuwa nyeupe.

Benki wakafunga kadi, wakaniambia nikaripoti polisi. Sikwenda. Ningeanzia wapi? Mtaa mzima nilishautangazia mashine. Wakiniuliza, nasema imekwama bandarini.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, hodi. Mama mmoja wa makamo mwenye vumbi la safari, kaletwa na jirani yangu Baba Bosco, mtu wa utani asiye na breki.

"Bosi wa Sauzi! Mgeni wako huyu anasema umemlia bomba lake!"

Nikamwamkia, akaitikia kwa shida. Ni Mama Zuhura, mkulima wa korosho kutoka Nakapanya, Tunduru. Alilipia bomba la injini la kupulizia mikorosho kwenye duka lilelile. Kabla ya kulipa aliingiwa na shaka, wakamtumia picha ya "mmiliki". Alipolipa tu, namba yao ikazimwa, akapanda basi kumfuata huyo mmiliki.

Akanionyesha simu yake.

Mimi. Suti. Kitambulisho. Nyuma yangu bati la bluu. Na chini yake maelekezo yangu, neno kwa neno.

"Nikasema, anayeonyesha uso wake na nyumba yake hawezi kuwa mwizi," akasema. "Msimu wa kupuliza ndio huu, mwanangu. Ugonjwa wa ubwiri unga hausubiri, unakula maua yote."

Majirani walishaanza kusogea. Jina nililolijenga kwa jasho lilikuwa linaanguka pale getini. Nikatoa simu haraka, nikamwonyesha ujumbe wa benki kwamba nami nimeibiwa. Nikadhani nimejinasua.

Akausoma taratibu, mpaka tarehe.

"Wallahi, mimi nimelipa juzi. Kumbe wewe ulijua wiki mbili zote hizi, ukanyamaza?"

Baba Bosco akasema tu, "Twendeni polisi." Sijawahi kumwona akikosa utani.

Tukaenda polisi wote watatu. Askari akaniuliza zaidi ya mara moja kwa nini sikuja mapema. Hakuna aibu niliyopata ugenini inayofika hiyo. Bomba halijapatikana, mashine ndiyo usiseme.

Tulipotoka nikamwomba Mama Zuhura msamaha. Akasema, "Bomba nitaazima kwa shemeji. Wewe kawaambie watu."

Ndiyo nawaambia.

Nilidhani duka feki linataka hela tu. Kumbe kila unachojaza kina kazi yake. Kadi niliifunga kwa simu moja, lakini uso wangu nimeshindwa kuufunga. Ukiibiwa, paza sauti siku hiyohiyo, hata kama watakucheka.

Mwenye uzoefu wa kuiondoa picha kama hiyo mtandaoni anielekeze hapa chini. Matusi pia nitayasoma. Na kama umetumiwa picha yangu, tafadhali usilipe, na andika hapa nijue.

Maana sijui ni wangapi wengine, muda huu, wameshapanda basi kuja kwangu.