Mutoto Aliyekata Kitabu

Mniache niseme mwenyewe, kabla muntu mwingine hajawasimulia vibaya kuliko ilivyokuwa: mimi njo ule mwalimu wa Kindu aliyechekwa na Wazungu, na wazazi, na watoto wake mwenyewe wa kalasi ya ine, siku moja tu, asubuhi, jua kali, na nilikuwa nimevaa tai. (Tai yenyewe niliazima.) Miaka imepita, Wabelgiji wamekwisha kurudi kwao, na haya ile bado iko. Kuchekwa ningezoea. Lakini ndani yake iko jambo moja ambalo hata ninyi mkicheka, mimi siwezi.

Nilikuwa monitere, njo mwalimu, kwenye masomo ya Leta, shule ya serikali, siyo ya mapadri. Pale njo walipokuja watoto wa Waislamu, sababu baba zao hawakutaka wabatizwe, na hata hivyo walileta wavulana, mabinti wakabaki nyumbani kutwanga mupunga. Mimi na kiherehere changu nikakwenda mara tatu kwa Muzee Ramazani, mulimaji wa mupunga na muntu wa heshima zake, kumuomba atuachie binti yake Zaina. Mara ya tatu akasema: "Mwalimu, nakupa huyu mutoto. Lakini sikia vizuri. Siku ataaibishwa mbele ya watu, siku ile ile anarudi kwa mama yake." Nikajibu, "Muzee, mimi niko pale, nani atamuaibisha?" Nani, kweli!

Ule mwaka sanduku la vitabu likatoka Bulaya. Direktere wetu, Muzungu mumoja mwembamba asiyependa maneno mengi, akasema watoto wazoee kusoma kwa kupenda, siyo ubao tu kila siku, akaweka kabati ndani ya kalasi yangu, akaliita bibliotheke, na ufunguo akanipa mimi. Basi nikautundika shingoni kwa kamba, juu ya shati ili uonekane, hata sokoni nikawa nakwenda nao, na wauza samaki wakaniuliza kama nimepewa kazi ya gereza. Kila Jumamosi niligawa vitabu, mutoto akirudisha natazama kwanza jalada, halafu pembe, halafu kama iko doa la mawese, na nikikuta kisafi naandika ndani ya daftari: amesoma. Nilikuwa napima usafi. Kusoma sikupima hata siku moja.

Sasa, vitabu vyembamba vyenye picha vilikuwa wazi, lakini vile vinene vilikuwa na ajabu yake: kurasa zimeungana kwa juu na kwa pembeni, unasoma mbili za kwanza, halafu zinazofuata zimefungika kama mufuko ulioshonwa pande zote, utachungulia kwa jicho moja tu na shingo itakuuma. Mwalimu mwenzangu, Kalonda, akaniuliza, "Ndugu, hivi vinasomwa namna gani?" Na hapa njo nilijiponza. Ningesema sijui, tumuulize Direktere, maneno yangeishia pale. Lakini muntu mwenye ufunguo shingoni anasemaje hajui? Nikakohoa. Nikasema, "Bulaya wanavifunga makusudi, ndani iko mambo ya watu wakubwa. Watoto wasome palipo wazi." Kalonda akaitika kwa heshima kabisa, nami kwa kunogewa na heshima ile nikaandika kwa chaki juu ya kabati: KURASA ZILIZOFUNGWA HAZIGUSWI. (Na niseme ukweli wote: Kifaransa changu kilikuwa cha ubaoni, kitabu kizima sikuwahi kumaliza maishani mwangu, kwa hiyo kule kufungwa kwao kulinifaa sana.)

Jumamosi moja Zaina akarudisha kitabu kinene, cha fundi mumoja kiziwi anayetengeneza kengele. Nikakifungua. Yarabi! Kurasa zote zimekatwa, toka mwanzo mpaka mwisho, kingo zina nyuzi nyuzi kama mukate uliokatwa kwa kisu butu, na hapa na pale unga wa muhogo. "Umefanya nini?" Akasema, "Nimekata, Mwalimu," hivyo tu, hana hata woga, na akaanza, "Sababu, Mwalimu, hadithi..." Nikamwambia nyamaza. Nikamupiga fimbo mbili za mukono. Hakulia, alibaki ananitazama kama muntu anayengoja zamu yake ya kusema, nami zamu sikumupa.

Ingeishia pale, ingekuwa afadhali. Lakini Jumatatu yake Enspektere, mukaguzi wa masomo, alikuwa anakuja kutazama bibliotheke, na wazazi wameitwa, na mimi mwerevu nikapata wazo: nimuonyeshe Muzungu mukubwa namna ninavyolinda mali ya Leta. Njo nikaazima tai.

Siku ilipofika, wazazi wakakaa ndani ya kalasi, Wazungu wakapewa viti vya mbele, nikamuita Zaina, nikamupandisha juu ya benchi, nikamwambia ashike kitabu juu ya kichwa kwa mikono miwili, wote wakione. Baba yake alikuwa mustari wa kwanza na kanzu yake nyeupe. Nilimuona. Sitawadanganya kwamba sikumuona. Nilidhani atafurahi kuona mutoto wake analelewa kwa ukali. Nikasema kwa sauti ya juu, "Bwana Enspektere, kalasi hii vitabu ni vipya kama vilivyotoka Bulaya. Amevunja sheria mutoto mumoja tu, na njo huyu."

Enspektere, muntu munene mwenye miwani, akasimama, akachukua kile kitabu mikononi mwa Zaina, akapitisha kidole kwenye kingo. Akamuuliza kwa Kiswahili chao kile, "Nani alikata?"

"Ni mimi, Bwana."

"Na nini?"

"Na kisu ya jikoni ya mama."

"Sababu gani?"

"Bwana, hadithi iliingia mule ndani. Nami nikaifuata."

Enspektere akamuuliza, basi, hadithi ilikwenda wapi? Na Zaina, akiwa pale pale juu ya benchi, akaanza kueleza, kwanza polepole, maneno mawili matatu, halafu kama muntu aliyefunguliwa kamba: fundi wa kengele hasikii, anaweka kifua chake juu ya chuma ili ajue kama inalia, watu wa muji wanamucheka, mpaka siku ya moto... Wamama kule nyuma walijivuta mbele. Kalonda mudomo wazi. Hata mimi, wallahi, nilitaka kujua moto ule uliishia wapi, sababu kitabu kile kilikaa kwangu mwaka muzima na sikujua kama ndani yake iko moto.

Alipomaliza, Enspektere akanigeukia. "Monitere," akasema, "kitabu hiki njo hivi kinavyotoka kiwandani. Karatasi kubwa inakunjwa, inashonwa, na anayenunua anakata mwenyewe kwa kisu. Asiyekata hajasoma." Halafu akanyoosha mukono. Nikadhani ananipa pole. Kumbe alitaka ufunguo.

Akafungua kabati. Akatoa kinene cha kwanza: kimefungwa. Cha pili: kimefungwa. Vyote. Akaomba daftari langu, akasoma kwa sauti, na mwandiko wangu ni muzuri, ulisomeka bila taabu: amesoma, amesoma, amesoma. Direktere shingo ikawa nyekundu. (Na yeye pia, niseme, toka siku alipoleta lile kabati hakuwahi kulifungua. Sanduku lilitoka kwao bila kisu na bila neno, na hakuna aliyewaza kutuambia. Lakini siku ya aibu, aibu ilikuwa yangu peke yangu.) Enspektere akatoa kisu kidogo mufukoni, akakata kurasa za kitabu kimoja, shwaa, shwaa, akanipa: "Soma, tusikie." Nikasoma. Mustari wa kwanza nikakwama mara mbili, wa pili nikarudi nyuma, wa tatu jasho likaniingia machoni. Akamwambia mwenzake kwa Kifaransa, "Tunawaletea vitabu, wanavitunza kama nyama ya kukausha," na kile Kifaransa, bahati mbaya, nilikisikia chote. Wakacheka. Wazazi wasiojua Kifaransa wakacheka sababu Wazungu wamecheka. Watoto wangu wakacheka sababu kila muntu anacheka.

Watu wawili tu hawakucheka. Zaina alikuwa bado juu ya benchi, sababu hakuna aliyemwambia ashuke. Na Muzee Ramazani akainuka, akapita mbele ya viti vya Wazungu bila kuwatazama, akamushika binti yake kiunoni, akamushusha chini kama vile angali mutoto wa miaka mitatu.

Nikamukimbilia mpaka nje. "Muzee, ngoja, umesikia mwenyewe, mutoto wako ana haki! Muzungu mwenyewe amesema!"

Akasimama. "Nimesikia," akasema. "Ana haki. Na wewe ulimupiga Jumamosi, na leo umemupandisha juu kama mwizi wa kuku, na haki yake ilikuwa ndani ya mudomo wake siku zote mbili. Hukumuuliza." Akamushika mukono, wakaenda.

Bibliotheke akapewa Kalonda. Mimi niliachiwa kalasi, na jina: kila nikipita kwenye soko wananiita Bwana Nyama Kavu, sababu karani mumoja wa Leta aliwatafsiria. Hilo nilistahili, na zaidi ya hilo. Kwa Muzee Ramazani nilirudi mara nyingi, siyo tatu. Alinipokea vizuri, kahawa, tende, maneno ya mvua na ya mupunga, na kila nilipotaja masomo akawa ananiongezea kahawa.

Mara ya mwisho nilikwenda yeye akiwa musikitini. Nilikuwa nimemuomba Direktere kile kitabu cha fundi wa kengele, akanitupia tu, kwani kimekwisha kuharibika, alisema. Zaina alikuwa nyuma ya nyumba na muchi mukononi. Nilikuwa nimesikia tayari kwamba ameposwa na mufanyabiashara wa Kibombo. Nikamwambia, "Zaina, nimekosa. Kosa ni langu lote. Chukua, ni chako, hakuna wa kumurudishia."

Akapangusa mikono kwenye kikwembe alichojifunga. Akakipokea, akapitisha kidole kwenye zile kingo alizokata, akatazama nyumbani, akanitazama. Halafu akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu ile niliyomufundisha mimi.

"Hapana, Mwalimu," akasema. "Nisije nikaharibu tena."

Akaendelea kutwanga. Niliondoka na kitabu kwapani, na njia nzima nililia, muntu muzima, muchana, watu wananisalimia. Tangu siku ile nimeapa: mutoto akiniletea kitabu kimechanika, kimelowa, kimeliwa na mbuzi, kitu cha kwanza namuuliza ni hadithi ilifika wapi, na nanyamaza mpaka amalize. Wengi wamenieleza. Zaina hakunieleza tena.