Sahani Niliyoshindwa Kuirudisha

Kosa langu la kwanza katika mapishi halikuwa chumvi wala moto. Lilikuwa kukaa na sahani ya watu.

Nilikuwa nimehamia mtaa wa Bwiza kutoka mtaa wa Nyakabiga, ambako kodi ilinishinda. Nilipanga chumba pamoja na fundi magari wa rika langu, Mwislamu, mtu wa mzaha tangu anapofumbua macho. Mimi ni karani mdogo kwa wakala wa kutoa mizigo bandarini. Kazi yangu ni kunakili hati za magunia na mapipa yanayoingia kutoka Kigoma bila kukosea hata tarakimu moja, na kusema kweli kazi hiyo inanifaa, kwa sababu mimi ni mtu anayefunga mlango, akafika barabarani, kisha akarudi kuhakikisha kwamba ameufunga. Mshahara wetu hufuata meli. Meli ikichelewa, nao huchelewa.

Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa bibi mmoja mjane, mwenyeji wa mji huu tangu enzi za babu zake, aliyeuza vitambaa sokoni mpaka magoti yakamkatalia. Jioni ya kwanza ya Ramadhani, adhana ya magharibi ilipokwisha tu, alitugongea. Mkononi alikuwa na sahani ya bati yenye maua ya buluu, imefunikwa kitambaa safi. Chini ya kitambaa kulikuwa na pilau, na pembeni sambusa.

"Ni yenu, watoto yangu. Mukule ikiwa moto."

Mimi sifungi, nimelelewa kanisani huko milimani, lakini harufu ya pilau haikuniuliza dini. Tuliila hadi punje ya mwisho. Usiku ule tulimaliza jagi zima la maji, tukajaza jingine, wala hatukujiuliza kwa nini.

Asubuhi niliiosha sahani, nikaikausha, nikaelekea mlangoni. Mwenzangu akanidaka mkono.

"We, unaenda wapi na sahani tupu?"

"Namrudishia Bibi."

"Apana! Sahani ya futari hairudi tupu, kaka. Weka kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu chochote. Weka hizi ndizi."

Desturi yenyewe haikuwa ngeni kwangu. Hata kwetu kikapu kilicholeta maharage hakirudi bila kitu ndani yake. Tatizo lilikuwa ndizi. Nilizitazama nikaona zina madoa meusi. Mtu amenipikia pilau, nami nimpelekee ndizi zenye madoa? Niliipandisha sahani rafuni, juu ya sabuni na chumvi, nikajiambia kwamba nitapika kitu kinachostahili, kisha nitairudisha kwa heshima.

Sikujua kupika. Nilijua kuchemsha maharage, kusonga ugali na kukaanga mboga za lenga-lenga mpaka ziache kulalamika. Basi nikaanza kujifundisha kwa simu. Jioni nilitazama video za watu wenye majiko meupe, wanaomimina siagi kama maji na kuvunja mayai bila kuyahurumia. Mimi nilikuwa na mbabura moja ya makaa, sufuria mbili, na mafuta ya kupimiwa kwenye chupa ndogo. Kila walipotaja kitu, nilitafuta ndugu yake wa bei nafuu. Mahali pa siagi nikaweka mawese. Mahali pa maziwa, karanga za kusaga. Mahali pa nyama, ndagala wakavu, hao samaki wetu wadogo wa ziwani ambao hata mshahara ukichelewa mtu hakosi wa kujaza kikombe.

Keki ya sufuria ilikuwa ya kwanza. Niliweka makaa juu ya kifuniko kama nilivyoona mtu akifanya kwenye video. Juu ikawa nzuri, rangi ya mkate. Chini ikawa mkaa, na ilipotoka ilinuka mawese hadi uani. Mwenzangu, akiwa ameshafuturu, alikata ile sehemu nzuri, akaila huku amefumba macho.

"Tamu, muzee. Peleka."

"Imeungua."

"Imeungua kwa chini tu. Bibi atakula kwa juu."

Sikupeleka. Chapati zilizofuata zilitoka na umbo la ramani ya nchi nisizozijua. Sikupeleka. Mchuzi wa ndagala kwa karanga ulikuwa mtamu, naapa ulikuwa mtamu, lakini ulikatika, mafuta yakaelea peke yake, na kwenye video haukuwa hivyo. Sikupeleka. Nilikuwa nakata vitunguu kwa kuvipima na rula niliyotoka nayo ofisini. Nilikuwa naonja kila nikikoroga, nikiongeza chumvi kidogo, kisha maji kidogo, kisha chumvi tena, mpaka ulimi ukachoka na kuacha kuniambia chochote. Mwenzangu, ambaye alikuwa amefunga na hawezi kuonja, aliketi mlangoni akisubiri adhana na kunitazama.

"We mutu, unapika ama unafanya mutihani?"

Jambo ambalo sikulitazamia ni kwamba kila siku iliyopita ilipandisha deni langu. Siku ya kwanza ndizi zingetosha. Baadaye ikawa haiwezekani kupeleka chapati za kawaida, maana mtu aliyekaa na sahani muda wote huo analeta chapati za kawaida? Lazima kiwe kitu cha ajabu. Na kadiri nilivyotaka kitu cha ajabu ndivyo nilivyozidi kuharibu.

Uani nako mambo yalibadilika. Kila magharibi Bibi alitoka na sahani zake, akagonga mlango huu, akagonga ule. Wetu aliupita. Salamu zake zikawa fupi. Zamani aliniuliza habari za kazi, za meli, za mama yangu mgonjwa huko nyumbani. Sasa ilikuwa "Salama" tu, na macho yakihama. Nilianza kuchungulia kwanza kabla ya kwenda bombani, nisikutane naye. Mtu mzima, naogopa bibi wa magoti mabovu! Nilikuwa sina ndugu mjini. Yule bibi ndiye pekee aliyekuwa akiniuliza kama mama yangu amepona, na nilikuwa nampoteza kwa sababu ya sahani.

"Umenifungia riziki," mwenzangu alinilalamikia. "Pilau inapita hapa mbele ya pua yangu inaenda kwa wengine. Sababu yako."

Nilipokaribia kukata tamaa nilibuni katlesi. Hizi hazikutoka kwenye simu, zilitoka kwenye kilichokuwepo. Niliwaloweka ndagala, nikawakaanga wakavu hadi wakawa wepesi, nikawatwanga kidogo. Nikaponda viazi vitamu vilivyochemshwa, nikachanganya na kitunguu, pilipili, ndimu na karanga za kusaga. Nikafinyanga viduara sawasawa kabisa. Vilipoingia kwenye mafuta vikapasuka. Sikuwa nimeweka yai, kwa sababu pesa ya yai ilikuwa ya kununua kitu kingine, na viazi vilikuwa na maji mengi. Kikaangio kikawa na vipande vipande kama ukuta uliobomolewa. Nilikaa chini kando ya mbabura, mwiko mkononi, karibu kulia.

Hapo mlango ukagongwa. Adhana ilikuwa imekwisha kitambo na watu walikuwa wamefuturu. Nikafungua, nikamkuta Bibi, amejishikilia ukutani.

"Jirani. Idi iko karibu, nakusanya sahani zangu. Ile ya maua iko kwako?"

Nilijibu, "Iko, Bibi," nikabaki nimesimama kama mtu aliyekamatwa.

"Bon, sawa. Ilete."

"Bado haijawa na kitu, Bibi."

Alinitazama, kisha akatazama rafuni, akaiona pale juu ya sabuni, inang'aa kwa kuoshwa mara kwa mara bila kutiwa chakula. "Sahani ya watu umeiweka gereza? Imefanya kosa gani?"

Mwenzangu akaangua kicheko kitandani kwake. Nami nikaanza kueleza, na nikianza kueleza sinyamazi. Nilimwambia habari za ndizi zenye madoa, keki iliyoungua, chapati, rula, video, yote. Nilimwambia kwamba pilau yake ilikuwa nzuri mno na mimi nilikuwa nikitafuta kitu cha kulingana nayo.

Bibi akaweka mkono mdomoni. "Pilau ya siku ile? Ile ya kwanza?"

"Ndiyo, Bibi."

"Weee! Mutoto yangu, ile ilikuwa chumvi tupu! Nilikuwa nimefunga, sikuonja, nikatia chumvi nikasahau, nikatia tena. Kwangu hakuna mutu aliyeimaliza. Nikasema, aa, nimeharibu. Mutoto wa watu amekasirika, hata sahani hataki kuirudisha. Nimekuwa na haya hata ya kupita mbele ya mulango yenu!"

Tulitazamana. Nilikumbuka lile jagi la maji, na lile la pili. Kisha tukacheka wote watatu, yeye akiwa ameshika ukuta na mwenzangu akipiga godoro kwa ngumi. Sijui nilicheka kwa ajili ya nini hasa, lakini nilijisikia kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni.

Alipopata pumzi alisogea kwenye mbabura bila kualikwa, akachota kipande kwa vidole, akapuliza, akatafuna. Mimi nilishikilia mwiko kama fimbo.

"Ni nini hii?"

"Katlesi za ndagala, Bibi. Zimevunjika."

"Naona zimevunjika, nina macho. Nauliza ndani kuna nini?"

"Viazi vitamu. Na karanga."

Akachota tena. "Ndimu mingi. Lakini hii..." Akachota tena.

Nilimuuliza jambo lililokuwa likinisumbua. Mtu anapikaje pilau ya uani pote kwa mwezi mzima bila kuonja? Anajuaje chumvi imetosha?

"Sijui," alijibu. "Nitajulia wapi? Tunajua sote pamoja, saa ya kufuturu. Ikizidi, tunacheka. Ikipungua, chumvi iko hapo."

Kisha akaniamuru. Kesho nipike hizi hizi, nilete kwake magharibi, juu ya ile sahani. "Na usionje. Kama mi."

"Lakini Bibi, mimi sifungi."

"Kesho ulimi wako unafunga."

Siku iliyofuata ilikuwa ngumu kuliko hesabu za bandari. Nilivichemsha viazi mapema nikaviacha vipoe na kukauka. Nilipofika kwenye chumvi niliitia mara moja tu, chembe chache, nikaurudisha mkono nyuma kama niliyegusa moto. Kila dakika nilitaka kuonja. Niliinusa sufuria mpaka pua ikachoka. Mwenzangu alikaa mlangoni kunichunga.

"Vidole chini! Nimekuona!"

"Sijaonja!"

"Umelamba mwiko kwa macho."

Zilipoingia kwenye mafuta zilipasuka tena, ila si zote. Nzima nikazipanga juu, zilizopasuka nikazificha chini. Kisha nikaona huo nao ni ujinga uleule, nikazichanganya.

Nilipofika na mwenzangu nyumbani kwa Bibi, mkeka ulikuwa umetandikwa tayari, na binti zake wawili walikuwa wamekuja na waume zao. Kulikuwa na tende, uji, sambusa, na katikati Bibi akaweka ile sahani ya maua ya buluu. Adhana ikaadhiniwa. Wakala tende, wakanywa maji, kisha mikono ikaenda kwenye katlesi.

Binti mkubwa alitafuna, akasimamisha shavu. "Mama, chumvi iko wapi?"

"Imepungua?" niliuliza.

"Haijapungua. Haikuja kabisa!"

Mkeka wote ukacheka. Mmoja akapitisha chumvi, mwingine pilipili, na kabla sijamaliza kuomba radhi sahani ilikuwa imebaki na mafuta tu. Binti mdogo alikuwa akigombana na mumewe kuhusu kipande cha mwisho, kilichovunjika. Alitaka kujua nimetumia nini mahali pa yai. Nilimwambia sikutumia kitu, ndiyo maana zikavunjika. "Basi uvunje tena kwa Idi," alisema, "sisi tumechoka na sambusa za Mama." Bibi alimtupia kokwa ya tende.

Nilipoinuka kuaga, Bibi aliichukua ile sahani pale mkekani, akaingia ndani. Akarudi nayo imefunikwa kitambaa safi. Ndani kulikuwa na sambusa na maandazi.

"Lakini Bibi, nilikuja kuirudisha!"

"Na umeirudisha. Nikupe tupu? Mi sina adabu?"

Nilivuka ua na sahani ileile mikononi, ikiwa nzito kuliko siku ya kwanza. Mwenzangu, aliyekuwa akinifuata, alishaingiza mkono chini ya kitambaa.

Asubuhi yake niliiosha, nikaikausha, nikaweka ndizi ndani yake. Zilikuwa na madoa. Nilivuka ua nikagonga.

Bado namtazama mgeni anapotia tonge la kwanza mdomoni, na rula bado iko chumbani, ila siku hizi inazuia dirisha lisijifunge. Bibi ananiuliza habari za mama yangu kila asubuhi. Sahani ya maua hailali kwangu zaidi ya usiku mmoja.