Injini Yenye Kifumbu

Injini ile sikuiunda kwa kupenda makelele. Niliiunda kwa sababu mtu mmoja alinichosha.

Mtu huyo alikuwa mwenyekiti wa kamati yetu ya mwani hapa Utende, na boti ya kutuvusha kwenda viwanjani, ng'ambo ya mkondo, ilikuwa yake. Kila bamvua, maji yanapokupwa sana na viwanja kubaki wazi, aliwavusha jamaa zake kwanza. Sisi wanawake sita tukifika, maji yameshaanza kujaa, kamba hazifungiki. Halafu kwenye kikao akasema, bila haya, kwamba viwanja vyetu tumevitelekeza. Bamvua lijalo tusipogonga kigingi kabla maji hayajageuka, wanapewa wengine.

"Mjomba, si wewe unayetuchelewesha?" nikamuuliza.

"Basi tafuteni boti yenu," akajibu, na wanaume wakacheka.

Nilipandwa na hasira, wallahi. Kiwanja kile ndicho kinachowalisha wanangu tangu niachike.

Mashua kuukuu tulikuwa nayo. Injini nikaitoa kwenye pikipiki ya kaka yangu, aliyoigonga kwenye mnazi mpaka fremu ikapinda. Marehemu baba alikuwa fundi wa majenereta na mimi ndiye niliyemwoshea vyuma, kwa hiyo msinitazame hivyo. Nilijua injini ya pikipiki kama ilivyo haiuwezi mkondo ule. Nikaifungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, nikatandika msasa juu ya kioo cha kabati langu la harusi, nikaisugua siku mbili hadi ikapungua unene, ili injini igandamize zaidi na kutoa nguvu. Bomba la shaba la friji bovu nikalizungusha kwenye silinda, lipitishe maji ya bahari ya kuipoza. Egzosi ilikuwa mguu wa kitanda cha chuma, na mnyororo wa pikipiki ndio uliozungusha rafadha ya kusukuma mashua.

"Mwanamke gani huyu, kioo anasugulia vyuma!" wakasema. Wacha waseme.

Chujio la hewa nililikata kwenye godoro, na hapo nikakosea. Petroli ilirudi kutoka kwenye kabureta ikaliyeyusha, injini ikakabwa hata ufukweni hatujaondoka. Mwenyekiti alikuwepo, akacheka hadi akashika kiuno. Nililia, sifichi, nililia kwa hasira. Shangazi yangu, mkubwa wetu kikundini, akainuka. Alikwenda jikoni kwake akarudi na kifumbu anachokamulia tui. Ukindu wake hauyeyuki kwa petroli. Tukakichovya kwenye oili, nikakifunga mdomoni mwa kabureta.

Asubuhi ya bamvua mwenyekiti alitangulia na jamaa zake, simu mkononi, eti anasimamia saa. Mimi nikapiga kiki. Lo! Mguu wa kitanda ukatema moshi, mashua ikanyanyua pua. Katikati ya mkondo tukawa kama tumesimama, maji yanatusukuma na sisi tunayasukuma. Nikavuta mafuta hadi mwisho.

"Usipunguze!" shangazi akapiga kelele.

Sikupunguza.

Tulifika maji yakiwa bado yanatoka. Nyundo tulikuwa tumeisahau nyumbani. Nikaruka na spana, nikagongea hiyo hiyo kigingi cha kwanza, mwenyekiti amesimama hatua chache kutoka nilipo.

"Mjomba, saa ngapi?"

Akaitia simu mfukoni, akatazama kando.

Nikamuuliza tena, kwa sauti ya kuwafikia jamaa zake wote.