Kisanduku cha Jina la Ukoo

Mtengeneza tovuti wa pale Benaco, mji mdogo wa mpakani wenye wakimbizi wengi, alikuwa binti mwembamba, mwenye tabia ya kupuliza vidole kabla ya kugusa kibodi, kama anayemenya kiazi cha moto. Tovuti yake ya kwanza ilikuwa na fomu ya kutafutia ndugu waliopotezana vitani, lakini wiki nzima hakuna aliyefanikiwa kuituma. Mama Nahimana, aliyekuja kumwulizia kaka yake, akainamia skrini.

"Umelazimisha jina la ukoo, mwanangu! Sisi Warundi kila mtoto hupewa jina lake. Mimi Nahimana, kaka yangu Niyibizi, na tumbo ni moja. Hapo ataandika nini?"

Binti akapuliza vidole, akaondoa sharti. Kesho yake fomu zikamiminika, akawa anamsomea Mama Nahimana kwa sauti huku akidundadunda kitini. Ghafla kiti kikaanguka.

"Mama! Jina: Niyibizi. Anamtafuta: dada yake Nahimana. Ukoo: kaacha wazi! Kaacha wazi, mama!"