Jeshi la Wapishi

Miaka ishirini sasa Bi Irmtraud wa mji wa Kassel, Ujerumani, anakusanya barua za askari wa Kijerumani wa Vita vya Pili vya Dunia na kuwatafsiria wajukuu wao waliozaliwa Marekani, na bado hajakutana na mjukuu ambaye babu yake alifyatua hata risasi moja. Mababu wote walikuwa wapishi. Vita vyenyewe sijui vilipiganwa na nani!

Juzi akaja mjukuu mwingine kutoka Marekani, Krahl, na kopo la biskuti lililojaa barua.

"Babu yangu alikuwa mpishi tu, mama."

"Najua, mwanangu." Akasoma: "Mke wangu, huku Urusi nimepata koti zuri la kike, nakutumia. Kola yake ifue kwa maji baridi, doa litatoka."

"Si unaona? Doa la mchuzi hilo!"

"Mchuzi hutolewa kwa maji ya moto, mwanangu. Maji baridi ni ya damu."