Darasa Lililoshuka kwa Foleni

Mvua ya Rungwe haingoji msimu. Bondeni kwetu, upande wa Nkunga, watu walifyatua tofali za darasa zaidi ya mara moja, na kila mara zililoa zikarudi kuwa udongo kabla hazijaingia tanurini. Shule niliyofundisha ilikuwa ng'ambo ya mto, na mto ukijaa hakuna mzazi aliyekubali mtoto wa darasa la kwanza avuke. Jirani yangu, mama mkulima wa ndizi, alikuwa amekwisha kumweka binti yake nyumbani mwaka mzima.

"Mwalimu," aliniambia, "darasa lisiposimama huku kabla shule hazijafunguliwa, mwanangu atakaa tena. Mto haujui kusoma."

Ilikuwa ile miaka biashara ilipoachiwa huru, na maduka ya Tukuyu yameanza kujaa tena mabati na bolti. Seremala mmoja wa mjini, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani, ndiye aliyetupa wazo: atalitengeneza darasa vipande vipande karakanani kwake, pakavu, kisha tuje kuliunganisha bondeni.

Jambo lenyewe ni rahisi. Kila kipande cha ukuta kilikuwa fremu iliyopigiliwa mbao, upana kama wa mlango, uzito wa kubebwa na mtu mmoja. Unavisimamisha juu ya msingi wa mawe, kimoja kando ya kingine, unavifunga kwa bolti. Kwa macho vyote ni sawa. Lakini matundu ya bolti fundi aliyatoboa akiwa amebana kipande na jirani yake, kwa hiyo kila kimoja kilikubali jirani yule yule tu. Ndiyo maana alivitia namba kwa chaki.

Lori lilikomea barabarani. Kutoka hapo ni njia ya miguu, nyembamba, katikati ya migomba. Wanaume walichukua mabati na kenchi za paa. Akina mama wakajitwisha vipande vya ukuta juu ya ngata za majani makavu ya mgomba. Fundi aliwagawia kwa mpangilio wa namba, nao wakashuka mmoja nyuma ya mwingine mpaka kanisani, tulikoazima nafasi. Kisha mimi na fundi tukaenda kukagua msingi.

Tuliporudi, kanisa zima lilinukia mbao zilizolowa. Kwetu nyumba haipokei mgeni kabla haijasuguliwa na kukandikwa upya, na darasa hili lilikuwa limefika na matope. Kila mama alikuwa amekisugua kipande chake kwa majivu na majani ya msasa.

"Ndaga, asante, fundi!" jirani yangu alisema kwa furaha. "Njoo uone. Vinang'aa kama sahani."

"Na namba zangu?"

"Zile chaki? Usijali, tumekutolea."

Fundi alikaa kwenye benchi. "Lahaula! Mama zangu, mmenifulia ramani."

Lori lingemfuata fundi kesho yake kwa kazi nyingine Mbeya, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Jirani yangu alishika ngata yake mkononi, akaanza kuichambua jani moja moja. Nilijua anamfikiria nani.

Nikamuuliza, "Mama, njiani nani alikuwa mbele yako?"

Kabla hajajibu, mwenzake akadakia: "Mimi nilikuwa nyuma yake! Habari za wifi yake nimezisikia mpaka kanisani."

"Na wewe ulikuwa unanikanyaga visigino!"

Fundi akainua kichwa. Vipande viligawiwa kwa foleni. Basi foleni ikirudi, namba zimerudi. Asubuhi akina mama walijipanga tena uwanjani, kila mmoja na kipande chake, wakibishana nani alimwazima nani ugoro na kwenye kona ipi. Ukuta ukaanza kwenda, kuanzia mkia wa foleni. Bolti ziliingia moja baada ya nyingine, mpaka tukafika kwa jirani yangu. Kipande chake kikakataa kuungana na cha mama aliyekuwa mbele yake.

Fundi alikigeuza, akakisukuma. Wapi! Jirani yangu akatazama chini.

"Pale kwenye mgomba ulioanguka," alisema taratibu, "nilisimama kukaza ngata. Huyu mwenye visigino alinipita, nami nikampita tena tulipokaribia kanisa."

"Uliona aibu kuingia wa nyuma?" mwenye visigino akamtania.

"Nilikuwa nimetangulia!"

"Basi ulikuwa mahali pako," fundi akasema. "Aliyekosea mahali ni mwingine. Nani mwingine alipita mtu?"

Halafu mama aliyekuwa mbele yake akainua mkono, akicheka huku amejifunika mdomo kwa khanga. Njiani alikuwa amebadilishana nafasi na mdogo wake. Ndugu hao wawili wakabadilishana tena, na bolti zikaingia.

Siku ya kufungua shule mvua ilinyesha, mto ukajaa, na sisi hatukuwa na haja nao. Jirani yangu alimleta binti yake, akapapasa ukuta mpaka akakipata kipande alichokibeba.

"Kaa hapa," alimwambia.

"Na usikubali kupitwa," mwenye visigino alipaza sauti kutoka mlangoni.

Nikachukua chaki, nikaandika a, e, i, o, u ubaoni. Hakuna aliyezifuta mpaka kengele ilipolia.